Hesabu ya Kwenda Dodoma

Jumamosi asubuhi soko kuu la Morogoro halina pa kutia mguu. Magari kutoka Mgeta yanakuwa yameshashusha kabichi, karoti na njegere, wachuuzi wanaitana kwa majina ya utani, na harufu ya giligilani mbichi inapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu. Katikati ya vurugu hizo alikuwa akipita dada mmoja mrefu, gauni la kitenge cha buluu limemkaa sawasawa, mtandio mweupe umeanza kumteleza begani, na chini amevaa raba kwa kuwa alijua siku itakuwa ndefu. Mkononi alishika kishikwambi, usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kukataliwa na watu wengi asubuhi hiyo.

Aliitwa Mwanaheri. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili pale Mzumbe, akisoma uchumi na takwimu za kuwasaidia wafanyabiashara kufanya maamuzi, na utafiti wake ulihusu namna wauza mboga na matunda wanavyoamua wanunue nini, kiasi gani, na wakati gani. Darasani mada hiyo ilipendeza. Sokoni ilikuwa balaa. Kila aliyemsogelea alidhani ametumwa na watu wa kodi. Mama mmoja alimwapia kwamba hauzi chochote, na huku vitunguu vimemzunguka pande zote.

Ndipo akafika kwenye meza ya stroberi.

Muuzaji alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mweusi wa kung'aa, ndevu zimechongwa vizuri, aproni ya kijani juu ya shati jeupe lililokunjwa mikono. Alikuwa anapanga vikasha vyake kama mtu anayepanga vikombe vya wageni.

"Karibu, dada msomi," alisema bila kuinua uso. "Mbona wenzangu wanakukimbia? Unauma?"

"Siumi. Nauliza maswali tu."

"Hayo ndiyo yanayouma. Haya, niulize mimi."

Mwanaheri akamuuliza, naye akajibu yote bila kusita. Alinunua kiasi gani, aliuza kiasi gani, kipi kiliharibika. Alikuwa mkarimu kupita kiasi, mpaka akamwonjesha stroberi mbili. Jina lake akasema ni Halidi.

Jioni, akiwa kwao Mwembesongo, Mwanaheri alikaa kuzipitia namba za siku nzima, akajikuta anacheka peke yake. Bwana Halidi aliuza stroberi nyingi kuliko alizonunua. Tena kila siku ya wiki faida yake ilikuwa ileile.

Jumamosi iliyofuata alirudi moja kwa moja kwenye ile meza.

"Kaka Halidi, ulinidanganya."

"Mimi?" Halidi akashika kifua. "Umejuaje?"

"Uongo hauyumbi. Mtu wa kweli leo anapata, kesho mvua, keshokutwa mzigo umeoza. Wewe kwako kila siku ni Idi."

Halidi akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kukumbuka sura. Kisha akacheka, kicheko kizito kilichomfanya hata jirani yake wa ndizi ageuke.

"Basi akinioa mwenye kichwa kama hiki, nimekwisha."

"Wanawake hawaoi, kaka. Na usinipotezee muda. Nipe namba za kweli."

Akampa. Alikuwa na kawaida ya kuandika kwenye simu yake kila mzigo alionunua, tangu alipoanza biashara, na akamtumia yote, hapo hapo, mbele ya wateja wanaosubiri. Namba ya simu nayo akaitoa, akasema ni kwa ajili ya utafiti. Mwanaheri akasema anajua.

*

Utafiti huo ukawa na maswali mengi kuliko yaliyoidhinishwa na msimamizi wake.

"Haloo, Takwimu," Halidi alizoea kusema akipiga simu mchana, makelele ya soko nyuma yake.

"Haloo, Mzee wa Stroberi. Umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Hayo maneno umeyaokota wapi?"

"Kwa muuza ndizi. Yeye ana wake wawili, anajua."

Jumapili walitembea kuelekea milimani, pale mto Morogoro unapoteremka juu ya mawe na familia za mjini zinakwenda kulowanisha miguu. Uluguru ulikuwa umejifunga wingu kiunoni. Mwanaheri alivaa baibui jepesi la rangi ya zambarau, Halidi fulana mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Walikaa juu ya jiwe wakala mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo Halidi alipomsimulia habari za mama yake. Masika ya mwaka jana mama aliugua ghafla, akahamishiwa hospitali Dar es Salaam, na Halidi akafunga meza, akaenda kumuuguza. Alilala kwenye mabenchi mpaka mgongo ukazoea. Alikuwa mtoto wa kiume pekee, na baba hayupo.

"Kuna siku daktari alitoka nje akanitazama, nikadhani yameisha," alisema. "Kumbe alikuja kuniambia mama ameomba uji."

Mwanaheri akamshika mkono. Mama alipona, sasa alikuwa Kilosa kwa dada yake Halidi, anafuga kuku na kugombana na majirani. Lakini ule mkono, mara baada ya kushikwa, haukuachiwa mpaka walipofika barabara ya lami.

*

Habari ya Dodoma ilikuja ghafla. Hoteli moja kubwa kule ilimtafuta Halidi. Walitaka mtu mmoja wa kuwaletea matunda na mboga za milimani mwaka mzima. Sharti lao ni kwamba ahamie huko, afungue chumba cha baridi, na asiwaangushe.

"Nikiingia, nauza meza ya hapa," Halidi alimwambia Mwanaheri. "Sina uwezo wa kushika vyote viwili. Kinachonitisha ni masika. Barabara ya kwenda Nyandira, ninakochukua mzigo, unaijua. Nikishindwa kuteremsha mzigo, wananitema, na huku sina pa kurudi."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Sijui. Wewe ndiye unayesomea mambo haya. Nipigie hesabu, Heri. Utakachosema ndicho nitakachokifuata."

Mwanaheri alirudi nyumbani na maneno hayo yamemkaa kifuani kama jiwe. Alikuwa tayari na namba zote za Halidi kwenye kompyuta. Alizipanga vizuri tangu ile Jumamosi ya pili. Akajenga hesabu yake hatua kwa hatua kama alivyofundishwa: uwezekano wa mvua, uwezekano wa barabara kufungwa, hasara ya kushindwa, faida ya kuweza. Jibu lilipotoka lilikuwa wazi. Katika masika, uwezekano wa Halidi kukosa mzigo ulikuwa mkubwa mno. Asihame.

Aliegemea kiti. Mwili wake wote ukalegea kwa furaha, akajiambia ni furaha ya kazi iliyokamilika. Akafunga kompyuta, akaenda kumsaidia mama kukuna nazi huku akiimba.

Walikutana kwenye mgahawa karibu na stendi ya Msamvu, mahali ambapo chai huja na vitumbua vya moto na mabasi yanapiga honi nje bila kupumzika. Mwanaheri alivaa gauni la njano aliloshonewa na mama yake, akapaka wanja. Akamweleza kila kitu, akimchorea kwenye kitambaa cha karatasi. Halidi alisikiliza mpaka mwisho, chai yake ikapoa.

"Nikuulize kitu, usikasirike," alisema.

"Uliza."

"Hizi ni hesabu, au ni wewe hutaki niondoke?"

Mwanaheri akaweka kalamu chini. "Unasema nabambikiza namba?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, Halidi. Umekaa hapo ukasema. Nimesoma miaka yote hii ili uje kuniambia napika majibu?"

"Mimi barabara ile naipanda kila wiki. Masika ni mabaya, lakini si mabaya kama ulivyochora hapa. Ndiyo maana nauliza." Akapunguza sauti. "Ulipolipata hili jibu, ulifurahi?"

Mwanaheri alifungua mdomo. Alichelewa kujibu, na kule kuchelewa kukamuudhi kuliko swali lenyewe. Akachukua pochi yake.

"Nenda Dodoma. Mimi siyo geti," akasema, akatoka.

Halidi hakumfuata. Hata baadaye, Mwanaheri hakujua kama alitaka amfuate au la.

*

Simu ikanyamaza. Asubuhi ikanyamaza, mchana ikanyamaza, na jioni ilipolia ilikuwa ni kampuni ya simu inamkumbusha kununua kifurushi.

Mama yake, Bi Asia, alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Alimtazama bintiye akiigeuza geuza simu kama anayetafuta pa kuifungulia.

"Hiyo simu ina ugonjwa gani? Zamani ilikuwa inalia mpaka chai hainyweki."

"Haina ugonjwa, mama."

"Basi mwenye nayo ndiye mgonjwa." Bi Asia akakata uzi kwa meno. "Mmegombana nini?"

"Amesema mimi mwongo."

"Amesema hivyo?"

Mwanaheri akafikiri. "Ameuliza."

"Kuuliza na kusema ni vitu viwili, mwanangu. Na wewe ulimjibu nini?"

Hakuwa amemjibu. Jambo hilo lilimkera usiku kucha, na asubuhi akaamua kumwonyesha Halidi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Darasani kwao alikuwepo kijana mmoja anaitwa Rogers, mwenye miwani minene na tabia ya kutoamini namba yoyote ambayo hakuigusa mwenyewe. Mwanaheri akachukua namba za Halidi, akafuta jina, akafuta stroberi, akafuta Nyandira na Dodoma, akabakiza tarehe na tarakimu tupu.

"Usiniulize ni za nani," alimwambia. "Huyu mtu anataka kuhamisha biashara yake. Mzigo wake unatoka milimani. Niambie ahame au asihame."

"Kwa nini usifanye mwenyewe?"

"Nimeshafanya. Nataka mtu asiyemjua afanye."

Rogers akapenda jambo hilo. Kesho yake walikutana kwenye baraza la maktaba, Uluguru nyuma yao umefifia kwa mvua iliyokuwa inanyesha huko juu. Rogers aligeuza kompyuta yake imtazame Mwanaheri, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hizi sifuri hapa, za masika ya mwaka jana. Ni sifuri kweli, au hakuna data?"

"Zina tofauti gani? Pale palikuwa patupu, hakuandika kitu. Barabara ilikatika, hakununua, nikaweka sifuri."

"Nani alikwambia ilikatika?"

"Ni masika, Rogers."

"Sawa, ni masika. Lakini tazama. Kabla ya hizi wiki mvua ilishaanza, na mzigo unashuka. Baada yake mvua bado inanyesha, mzigo unashuka tena vizuri tu. Masika ya mwaka juzi hivyo hivyo. Hapa katikati ndipo mtu amepotea ghafla, na akarudi ghafla. Tope halifanyi hivyo. Tope linapunguza kidogo kidogo." Rogers akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi naona huyu bwana hakuwepo kazini. Amefiwa, ameuguliwa, sijui. Nafasi tupu siyo sifuri."

Mwanaheri akaivuta kompyuta karibu.

"Ameuguliwa na mama yake," akasema polepole.

"Basi. Nikiziondoa hizo wiki, hesabu yote inageuka. Hatari ya masika inakuwa ndogo tu, anaimudu. Ahame. Tena asichelewe."

Alikuwa ameambiwa. Alikaa juu ya jiwe na mahindi mkononi, akaambiwa na Halidi mwenyewe kwamba alifunga meza akaenda kuuguza. Lakini siku hiyo alikuwa anasikiliza kwa moyo. Zile sifuri alikuwa ameshaziweka kabla ya siku hiyo, akazisahau. Na jibu lilipokuja, hakurudi kuzitazama. Lingekuja kinyume, angelipekua namba moja moja mpaka aone lilikoharibika. Lilikuja kama alivyotaka, akafunga kompyuta akaenda kukuna nazi.

Alikuwa bado amekaa hapo, Rogers ameshaondoka kwenda kula, simu ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Halidi. Akauweka sikioni. Upepo ulikuwa mwingi, na pikipiki inaunguruma nyuma.

"Heri wangu, niko njiani napanda Nyandira kuchukua mzigo. Nimekaa siku zote hizi nafikiri. Sikutakiwa kukuuliza vile. Wewe umesomea, mimi nimebahatisha tu maisha yangu yote. Dodoma siendi. Leo leo nawapigia nawaambia wamtafute mwingine, nimalize, halafu jioni nakuja kwenu kumwomba radhi mama. Nisubiri, tafadhali."

Aliusikiliza mara mbili. Kila alichokitaka kilikuwa ndani ya sauti ile. Halidi angebaki. Jumamosi zingeendelea, stroberi, simu za mchana, matembezi ya mtoni. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, na Rogers hakujua lolote la kumzuia. Alikaa hivyo kwa muda, simu mapajani, akiionja ile raha. Haikuwa na ladha aliyoitegemea.

Akampigia. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Akaondoka chuoni bila hata kubadilisha viatu, akachukua bodaboda njia ya Sangasanga, inayopanda Mgeta mpaka Nyandira.

*

Barabara ya Mgeta ilikuwa imelowa lakini inapitika, jambo ambalo Mwanaheri aliliona kwa macho yake mwenyewe na kila kona likamchoma. Walipishana na magari yaliyosheheni kabichi yakiteremka taratibu, madereva wakipungiana mikono. Mlima ulikuwa umekatwa ngazi ngazi za bustani mpaka juu kabisa, na kanisa la misheni lilitokeza kwenye ukungu na kupotea tena. Baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Mtandio ulimganda kichwani.

Shamba ambako Halidi alikuwa akinunua mzigo lilikuwa la Mama Rosa, mbele kidogo ya Nyandira, bondeni ambako simu hazishiki. Mama Rosa alikuwa kibarazani, sweta juu ya kanga, mabuti ya mvua miguuni, anachambua stroberi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliongea kwa ile sauti ya kupanda na kushuka ya watu wa milimani. "Mvua yote hii, kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Namtafuta Halidi."

"Halidi kapanda kule mgongoni mwa mlima, penye mtandao. Kasema anapiga simu Dodoma, amalize jambo lake ndiyo apakie."

"Ameondoka zamani?"

"Kitambo kidogo."

Mwanaheri hakusubiri. Alipanda kwa njia nyembamba iliyopita katikati ya njegere, akiteleza, akishika majani, pumzi zinamwishia. Moyoni alikuwa anaomba, na alichokuwa anakiomba kilimshangaza: kwamba mwanamume anayempenda asiwe ameshaamua kubaki naye.

Alimwona kwanza mgongo. Amesimama juu ya mwamba, koti la mvua la buluu, simu sikioni.

"Halidi, kata simu."

Halidi akageuka, akamtazama kama anaona mzuka. "Heri? Umefikaje huku?"

"Kata kwanza. Umeshawaambia?"

"Nani?"

"Watu wa Dodoma. Umeshawaambia huendi?"

"Imeita, haijapokelewa. Ndiyo nilikuwa napiga mara ya pili."

Mwanaheri akaketi pale pale kwenye majani mabichi, akaweka uso viganjani, akalia kwa nafuu mpaka mabega yakatikisika. Halidi akateremka kwenye mwamba, akachuchumaa mbele yake, hajui amshike wapi.

"Mpenzi wangu, nini? Mama mzima?"

"Mzima. Mimi ndiye niliyekosea." Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio uliolowa, akaongeza maji badala ya kupunguza. "Zile wiki ulizokuwa hospitali na mama. Kwenye simu yako hukuandika kitu. Mimi nikaweka sifuri, nikazihesabu kama wiki ambazo barabara ilikushinda. Haikukushinda. Hukuwepo tu. Nikiziondoa, hesabu inasema uende. Mtu mwingine kazifanya bila kukujua, kapata hivyo hivyo."

Ukungu ulipita kati yao na bonde, chini wakasikia Mama Rosa akimwita mbwa wake.

"Kwa hiyo umepanda mlima huu wote kuja kuniambia niondoke."

"Ndiyo."

"Na ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza." Akamtazama. "Uliniuliza kama nilifurahi. Nilifurahi, Halidi. Nilifurahi mno, ndiyo maana sikutazama mara ya pili. Sikudanganya, lakini sikutaka kujua. Hukunikosea kuuliza."

Halidi akavua koti lake la mvua, akamfunika mabegani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa vitu viwili vizito kwa mpigo na hajui aweke kipi chini kwanza.

"Mimi nilikuwa nabaki kwa ajili yako," alisema. "Hesabu hata sikuzielewa vizuri. Ile ya kwenye kitambaa nilikuwa natazama vidole vyako tu."

Mwanaheri akacheka katikati ya machozi, na hapo hapo simu ya Halidi ikalia. Wote wawili wakaitazama. Ilikuwa Dodoma wanarudisha simu.

"Pokea," Mwanaheri akasema.

Halidi akasimama, akaiweka sikioni. "Ndiyo, bosi, ni mimi niliyepiga. Hapana, niko mlimani huku, mtandao unasumbua." Akamtazama Mwanaheri, aliyekuwa amejikunyata ndani ya lile koti kubwa, viatu vimejaa tope, wanja umechuruzika. "Nilikuwa nataka kuwaambia kwamba nakuja."

Akasikiliza, akaitikia, akashukuru. Alipokata alishusha pumzi ndefu, akakaa kwenye majani kando yake.

"Wamesema walikuwa wanataka kumpa mtu wa Lushoto kesho asubuhi."

"Astaghfirullah."

"Ndiyo hivyo." Akamshika mkono. "Sasa na sisi je?"

"Treni ipo. Asubuhi napanda Morogoro, chai nakunywa kwako."

"Sitaki mke wa kuja na chai na kuondoka na chai."

"Mke nani? Kuna mtu amekuja kwetu?"

"Baba mdogo wangu atakuja. Atakuja na watu wake, wamevaa kanzu, na hawatakuja mikono mitupu. Ila wewe maliza shule kwanza. Mimi nitangulie nikatafute nyumba." Akasita, utani wote ukamtoka. "Unakubali, Mwanaheri?"

"Nakubali."

Walishuka wameshikana kwa sababu njia ilikuwa inateleza. Mama Rosa alipowaona alisema lolote lililotokea huko juu lingesubiri, kwanza wanywe chai, kisha wote wawili washike vikasha, gari liko linasubiri.

*

Siku ya kutetea utafiti wake Mwanaheri alivaa suti ya kijivu na hijabu ya rangi ya maziwa, viatu vya kisigino kirefu ambavyo vilimuua tangu getini. Mbele yake walikaa maprofesa, na Rogers alijibana kiti cha nyuma. Sura ya nne ya kazi yake ilieleza kosa lake waziwazi: namna nafasi tupu zilivyogeuzwa kuwa sifuri, namna uamuzi wa mfanyabiashara mmoja ulivyokaribia kupotoshwa, na kwa nini anayependezwa na jibu asiwe peke yake katika kulipima.

Mtahini mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole iliyowahi kuwaliza wengi, alifunua kurasa hizo taratibu.

"Binti, sura hii nimeipenda. Nina swali moja. Huyu mfanyabiashara unayemzungumzia, una uhusiano naye wowote unaoweza kuathiri matokeo?"

Mwanaheri akasikia Rogers anakohoa.

"Ninao, Profesa. Uliyaathiri mara ya kwanza, ndiyo maana nikampa mtu asiyemjua afanye hesabu upya."

"Na sasa uhusiano huo ukoje?"

"Tunafunga ndoa Ijumaa."

Aliyeanza kucheka alikuwa msimamizi wake, kisha watahini wote, mpaka yule mama akalazimika kuvua miwani. Walimtoa nje wajadiliane. Alisimama ukutani, viatu mkononi, akisikia sauti zao bila kushika maneno. Walipomwita tena, walimwambia amepita. Arekebishe majedwali mawili, basi.

Akatoka uwanjani pekupeku, akapiga simu. Halidi alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Sema."

"Wamenipitisha."

Akamsikia anawatangazia wafanyakazi wake kwenye chumba cha baridi, "Amepita," na wao wakapiga makofi kwa kugonga makasha.

"Wameuliza kuhusu wewe," Mwanaheri akasema.

"Ukawajibu nini?"

"Ukweli."

"Mbele ya maprofesa wote hao?"

"Mbele ya wote. Hata siku nimewatajia."

Halidi akacheka kile kicheko chake kizito. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya watu wawili tu. "Sasa uko wapi?"

"Nimekaa kwenye nyasi nje ya ukumbi. Miguu inaniuma, nalia, na nina njaa."

"Kunywa maji, ule, halafu mpigie mama. Usiku nitakuwa hapo, nimeshakata tiketi."

"Ulikata lini?"

"Jana."

"Jana ulikuwa hujajua kama nitapita."

"Sikuwa na haja ya kujua," Halidi akasema. "Ungefeli, ningekuja hivyo hivyo."

Mwanaheri akalala chali kwenye nyasi, simu sikioni, asijali suti wala wapitao, akamwacha aendelee kuongea.